Sura ya Saba: Rejista Mpya, Clementi Yule Yule

Clementi alirudi Musoma siku ya Jumatatu akiwa na kompyuta nyembamba, viatu visivyojua vumbi, na manukato yaliyoingia ofisini kabla yake. Wegesa alimwona kupitia kioo, akashusha macho kwenye kazi yake, akaendelea kuandika. Miaka miwili iliyopita alikuwa ameapa kwamba siku atakayomwona tena mwanaume huyu hatashtuka, na kweli hakushtuka. Alichosikia moyoni ni dharau. Akaifurahia, maana dharau humwacha mtu akala chakula chake na akalala usingizi wake.

Basi alijidanganya. Kwa sababu alipomsikia akicheka na mlinzi pale nje, kicheko kile kile cha puani, vidole vyake viliandika upuuzi mtupu ambao baadaye ilibidi aufute wote.

Kampuni yao iliendesha mfumo wa kupimia na kununulia pamba, kuanzia Bunda mjini hadi vijiji vya Kiriba. Mfumo wenyewe haukuwa programu moja. Zilikuwa programu ndogo ndogo nyingi: ya mizani, ya kumbukumbu za wakulima, ya stakabadhi, ya kutuma ujumbe wa simu. Kila moja ilipotaka kuzungumza na mwenzake iliuliza kwanza kwenye rejista, fulani yuko wapi leo, ikaelekezwa. Rejista hiyo pamoja na mipangilio yote ilikaa kwenye seva moja mzee iliyofungiwa stoo, jirani na ndoo za deki. Umeme ukikatika na betri ikichoka, Bunda nzima inakaa kusubiri.

Wegesa ndiye aliyemshauri bosi wao, Isaya, kwamba vyote vihamie klaudi, kwenye rejista inayotunzwa na kampuni kubwa yenye watu wa kukesha nayo. Isaya aliupenda ushauri. Aliupenda kiasi cha kutafuta mtaalamu kutoka Dar es Salaam aje aisimamie kazi, kwa kuwa Isaya alikuwa mtu wa kuamini kwamba akili hupanda basi kutokea kule. Na mtaalamu aliyeletwa ni Clementi, mtoto wa Guta, ambaye mfumo huo huo aliujenga na Wegesa bega kwa bega kabla hajakimbia.

Kukimbia ndilo neno lenyewe. Siku Clementi alipompeleka Wegesa kwao Guta kumtambulisha, shangazi yake, Consolata, aliyemlea na kumsomesha kwa jembe la mkono, alimkagua mgeni kuanzia kichwani mpaka kwenye kucha. Akauliza kucha zile zitaokotaje pamba. Akasema wasichana wenye digrii huolewa ili wahudumiwe, na kwamba yeye Consolata hajakosa kazi kiasi cha kuletewa mkwe wa kupikiwa. Alisema hayo mbele ya sahani ya Wegesa. Wegesa akamtazama Clementi. Clementi akatazama simu yake.

Haikupita muda akapata kazi Dar. Hakukuwa na ugomvi wala kuagana. Ulikuja ujumbe mmoja wa simu unaosema tupeane nafasi kidogo, na nafasi hiyo ikawa miaka.

Sasa alikuwa amekaa meza ya pili, anamweleza Isaya kwa Kiingereza kirefu mambo ambayo Wegesa alikwisha kumweleza kwa Kiswahili kifupi. Isaya anaitikia kwa kichwa. Wegesa aliwatazama wote wawili na kuwaonea huruma kidogo, hasa Isaya, kwa sababu Isaya hakuwa na cha kusingizia, yote alikwisha kuyasikia.

Kazi ilikwenda. Hilo lazima lisemwe, kwamba wakiwa kazini walielewana kama zamani. Yeye akianza sentensi, Clementi anaimalizia. Programu moja baada ya nyingine walizihamisha, wakazifundisha kuuliza mahali papya, wakaziangalia zinajitangaza kwenye rejista mpya na kuwaka kijani. Kuna wakati mikono yao ilikutana juu ya kipanya. Clementi hakuuondoa wake. Wegesa aliuondoa, lakini alichelewa, na alijua kwamba mwenzake ameona alivyochelewa. Macho yale. Mungu alimpa yule mwanaume macho mazuri, akasahau kumpa ulimi.

Siku ya Alhamisi, Isaya akiwa ametoka kwenda kula, Clementi alishusha sauti.

"Wazee wangu wanakuja kwenu Butiama Jumapili. Mzee Burito amekubali kuwapokea."

"Nimesikia. Baba hupokea kila mtu, hata wauza dawa za mende."

"Wegesa."

"Shangazi yako anakuja?"

"Ndiye anayewaongoza. Amebadilika sasa hivi. Anajua una cheo."

"Kwa hiyo kilichobadilika ni mimi," Wegesa alisema. "Yeye na wewe mko pale pale."

Clementi akatabasamu, akasema amemkumbuka hata kwa matusi yake. Akasema alikosea, kwamba alikuwa mtoto. Alikuwa na miaka thelathini wakati ule, Wegesa alitaka kumkumbusha, ila alinyamaza kwa sababu sauti ile ya chini ilikuwa inamwingia mahali ambapo hakutaka iingie. Alisema waje, barabara ni ya serikali. Kisha akaenda chooni, akajitazama kwenye kioo kwa hasira, kwa namna mashavu yake yalivyokuwa yamewaka.

Ijumaa alimuuliza swali moja la kazi. Desturi yake Wegesa, unapohamisha kitu, seva ya zamani huizimi upesi. Unaiacha inapumua pembeni, unaisikiliza kama kuna yeyote bado anaiuliza, na inapokaa kimya mpaka gulio lipite ndipo unaizima. Clementi hakutaka. Alitaka kuizima Jumamosi asubuhi, mbele ya Isaya, ili mkataba wake wa pili usainiwe mezani hapo hapo. Alisema kila kitu ni kijani, na Jumamosi ni siku ya utulivu kwa sababu Wasabato wako kanisani, hakuna pamba ya maana itakayopimwa.

"Kuna kitu chochote ulikipachika humu kwa mkono enzi zile?" Wegesa aliuliza. "Kitu ambacho hakiulizi rejista?"

"Hakuna."

"Hata mizani ya Bunda?"

"Hakuna, nimekwambia. Hunaga imani na mimi wewe."

Alilisema kwa unyonge mtamu, na Wegesa, mwanamke mzima mwenye akili zake, aliacha kumuuliza.

*

Mtu wa Bunda angewaambia kuhusu Jumamosi. Wasabato hawaendi kupima, ndiyo, na ndiyo maana Wakatoliki wote wa Guta na vijiji vyake huiweka pamba yao mpaka siku hiyo, wapate foleni fupi. Clementi amezaliwa huko. Miaka miwili ya Dar ilimtosha kusahau ni lini shangazi yake anapeleka pamba.

Asubuhi hiyo Isaya alikuja na keki. Clementi alitoa hotuba fupi, akaizima seva ya stoo, na Isaya akapiga makofi peke yake. Keki haijakatwa vizuri, simu ya Bunda ikalia. Karani wa mizani alisema pamba inapanda mizani, uzito unaonekana, lakini hauandikiki popote na stakabadhi haitoki. Watu wamejaa uwanjani. Wanawake wanauliza kama wanaibiwa. Nyuma yake zilisikika sauti, na moja kati yake Wegesa aliitambua mara moja. Ilikuwa inasema hiki chama cha kompyuta kinaendeshwa na mtoto gani.

Isaya akageuka. Hakumgeukia mtaalamu. Alimgeukia Wegesa.

"Wegesa, huu mfumo ni wako. Kuna nini?"

Wegesa alikuwa tayari ameshafungua programu ya mizani ya Bunda, anaisoma moja kwa moja, siyo mipangilio yake, ile programu yenyewe. Ilikuwa inajitangaza vizuri kwenye rejista mpya, ndiyo maana ilikuwa kijani. Ila ilipotaka kumpata mwenzake wa kumbukumbu, haikumuuliza mtu. Ilikwenda moja kwa moja kwenye anuani ya seva ya stoo, anuani iliyoandikwa ndani kwa mkono. Pembeni yake mwandishi alikuwa ameacha maneno mawili ya kujikumbusha: *kwa muda*.

Alimjua mwandishi. Aliijua hata siku. Ilikuwa siku walipofunga mizani ya Bunda, mtandao unasumbua, na wao wawili wanataka kuwahi kivuko cha Kisorya waende Ukerewe, safari yao ya kwanza ya kukaa pamoja bila jamaa wa kuwachungulia. Clementi aliinama kwenye kompyuta akasema ngoja niibane tu, nitakuja kuirekebisha. Yeye Wegesa alikuwa anamvuta mkono anacheka. Walikiwahi kivuko. Alikuwa amevaa gauni la njano, na alidhani ataolewa.

Kwa muda. Mambo yote ya Clementi yalikuwa ya muda.

Alikwenda stoo mwenyewe, akaiwasha tena ile seva mzee. Aliporudi mezani, watu wa Bunda walikuwa wanapata stakabadhi, foleni inatembea. Kisha aliigeuza kompyuta yake taratibu, ule mstari ukamwelekea Clementi. Clementi aliusoma. Wegesa aliona anavyoutambua.

"Hii imetoka wapi?" Isaya aliuliza, hasira bado iko juu. "Nataka kujua ni nani aliyenitia aibu mbele ya wakulima wangu."

Sasa, ni rahisi kusema Wegesa angelitaja jina. Lakini kumsemea mwanaume mzima kwa bosi, kama watoto wa chekechea walioibiana penseli, ni kitu alichokiona kichafu. Na zaidi ya hapo alitaka kusikia. Alisimama pale, mikono nyuma, akajiambia kwamba mtu huyu akisema neno moja tu, akisema ni mimi, kesho atawapokea wazee wake kwa mikono miwili, na matusi ya Guta atayameza yote. Alilipanga hilo moyoni kwa dhati. Dharau yake yote ilikaa pembeni ikasubiri pamoja naye.

Clementi alisafisha koo.

"Ni kitu cha zamani tu, bosi," alisema. "Mfumo ukikaa muda mrefu mikononi mwa mtu mmoja, vitu kama hivi havikosekani."

Hakudanganya hata neno. Huo ndio ulikuwa ustadi wake.

Isaya alimwambia Wegesa kwamba Jumatatu watazungumza kuhusu nafasi yake ya ukuu wa kitengo, na kwamba kwa sasa funguo zote za rejista mpya zitakaa kwa Clementi. Akaondoka na kipande chake cha keki.

Clementi alimfuata kwenye korido. Alikuwa ametoka jasho, manukato yamegeuka.

"Nitamwambia. Mkataba ukishasainiwa tu nitamwambia ukweli wote, naapa. Ningesema leo ningekosa, na nikikosa mahari natoa wapi? Ni kwa ajili yetu, Wegesa."

Wegesa alimtazama kwa utulivu uliomshangaza hata mwenyewe.

"Guta ulinyamaza kwa ajili yetu. Dar ukaenda kwa ajili yetu. Hivi wewe kwa ajili yako huwaga unafanya nini?"

"Usiongee hivyo."

"Sikiliza. Shangazi yako alikuwa kwenye ile foleni, nimemsikia. Kesho atakuja Butiama akiwa na habari hiyo mdomoni. Sikuombi umwambie Isaya tena. Mwambie shangazi, mbele ya baba yangu, kwamba ulikosea wewe. Ukisema, mimi ni wako, na kazi ikipotea ipotee."

"Na nisiposema?"

Hapo ndipo alipomchukia kweli, kwa kuuliza.

*

Jumapili baada ya misa, sebule ya mzee Burito ilijaa. Wageni walikaa upande wa dirishani: mshenga wao, mzee Ngolo, mwenye maneno mengi na meno machache; Clementi ndani ya suti; na Consolata katikati, kitenge kipya, mikono imekunjwa juu ya tumbo. Wegesa alikuwa chumbani na mama yake, mlango uko wazi kidogo, anasikia kila kitu. Alikuwa amevaa vizuri. Alijilaumu kwa kuvaa vizuri, na hakubadilisha.

Mzee Ngolo alizunguka, akasifu boma, akasifu ng'ombe aliowaona njiani, akafika kwenye lililowaleta. Mzee Burito alijibu kwamba wageni ni baraka. Ndipo Consolata alipoona ni zamu yake.

"Sisi tumekuja kwa heri, baba," alisema. "Ila tuseme ukweli kabla ng'ombe hazijatajwa. Jana tulishinda juani pale Bunda na pamba zetu, tunaambiwa mitambo imeharibika. Nikauliza mhusika ni nani, nikatajiwa binti yenu. Mimi sina neno. Nasema tu kwamba msitutajie bei ya mwenye cheo. Cheo chenyewe nasikia Jumatatu wanakichukua. Tutamchukua hivyo hivyo, tutamfundisha jembe."

Kupitia ule upenyo Wegesa alimwona baba yake akikaza taya, mzee ambaye aliuza fahali wake wa mbegu ili yeye asome. Halafu akamtazama Clementi. Nafasi ilikuwa kubwa, hakuna aliyekuwa anazungumza, angeweza hata kusema kwa kunong'ona na wote wangesikia. Clementi alikuwa anachunguza kucha zake.

"Mwiteni mwenyewe," mzee Burito alisema.

Wegesa akatoka, akapiga goti akasalimia wakubwa, akasimama pembeni ya kiti cha baba yake. Desturi ni ile ile ya kila nyumba. Binti anaulizwa kama wageni hawa anawafahamu. Akisema ndiyo, ng'ombe wanaanza kutajwa. Akisema hawajui, wageni wanamaliza soda zao, wanasindikizwa kwa heshima, na hakuna anayeulizwa zaidi.

"Mwanangu, wageni hawa wanasema wamekufuata wewe. Unawafahamu?"

Wegesa hakuharakisha. Alimpa Clementi muda wote aliokuwa nao. Alimtazama waziwazi, mbele za watu, jambo ambalo binti wa posa hapaswi kulifanya, mpaka mzee Ngolo akakohoa. Clementi alinyanyua macho yake mazuri. Yalikuwa yanamwomba. Alikuwa anamwomba yeye amsaidie tena, hata hapo.

"Nawafahamu, baba," Wegesa alisema.

Consolata akavuta pumzi ya kigelegele.

"Huyu mwanaume namfahamu kuliko wanavyomfahamu waliomleta. Kama nisingemfahamu ningesema ndiyo. Naomba wageni wetu waongezewe soda, halafu wasindikizwe mapema, njia ya Guta ni mbali."

Kigelegele kikafia kooni. Mzee Burito akaitikia kwa kichwa na kuagiza soda, na Wegesa akageuka kuelekea uani. Alikuwa ameshika pazia la mlango wa nyuma aliposikia kiti kikisukumwa na mtu akisimama.

"Shangazi." Ilikuwa sauti ya Clementi, juu, imekwaruza. "Ile ya jana Bunda. Haikuwa Wegesa. Ni mimi niliyeiharibu, tangu zamani, na nilijua."

Wegesa alisimama pale pale. Alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu Guta. Yamechelewa, ndiyo, yamechelewa kwa aibu, lakini yametoka. Kila kitu alichojiambia kuhusu dharau kilimwondoka mara moja, akabaki anampenda tu, kijinga, kama siku ya gauni la njano. Akalivuta pazia ili arudi ndani.

"Clementi," alisema Consolata, bila kupandisha sauti. "Kaa chini."

Wegesa alisubiri, pazia mkononi.

Kisha akasikia kiti kikilalamika chini ya uzito wa mtu. Clementi alikuwa amekaa.

Akaliachia pazia, akatoka uani kumsaidia mama yake, aliyekwisha kutangulia jikoni, kupakua chakula cha watu wa nyumbani.